Sura ya Tano: Shamba Lililofelishwa

Attracta Lavin alipiga goti moja kwenye majani yenye umande, akang'oa donge la udongo kwa kisu chake cha kukatia kamba, akalinusa.

"Unanusa nini?" akauliza Majella Kilbane.

"Natafuta yai bovu."

"Yai?"

"Udongo uliolala ndani ya maji mwaka mzima hunuka yai bovu. Huu unanuka uyoga." Akamtupia lile donge. "Shika. Livunje."

Majella akalivunja. Likapukutika kati ya vidole vyake kama chenga za mkate.

"Sasa soma ukurasa wa tisa," Attracta akasema, akijifuta goti. "Kwa sauti. Nataka shamba lenyewe lisikie linavyosingiziwa."

Majella aliifungua ripoti. Alikuwa ameisoma mara nyingi hadi karatasi zimelegea kama vitambaa. "'Udongo wa mfinyanzi wa kijivu kuanzia sentimita thelathini. Maji yameonekana shimoni kwa kina cha nusu mita. Inchi moja ya maji imechukua dakika mia moja thelathini na moja kunyonywa na ardhi. Kikomo ni mia moja ishirini. Eneo halifai kwa nyumba.' Imesainiwa, Lorcan Prunty, mpimaji mwenye leseni."

Huko mashambani hakuna bomba la maji taka. Kila nyumba humwaga choo chake kwenye tangi, na tangi humwaga kwenye udongo, na udongo usipokunywa, uchafu wa jirani huibuka kwenye kisima chako. Sheria ni ya haki kabisa. Kabla hujaweka tofali, shimo lichimbwe, maji yamwagwe, saa ishikwe, na ardhi itoe jibu. Ubaya hauko kwenye sheria. Ubaya uko kwa anayeishika saa.

Majella alikuwa dereva wa basi la shule, mwenye miaka thelathini na minne, mama wa watoto wawili, na alikuwa ameshamaliza majira manne ya baridi ndani ya karavani, kijumba cha magurudumu, nyuma ya jiko la mama yake, mahali ambapo ukungu huota kwenye mito ya kulalia. Shamba hili aliachiwa na baba yake. Alimwajiri Prunty mwenyewe. Prunty akamfelisha. Wiki moja baadaye barua ikapenyezwa chini ya mlango kutoka kwa dalali Canavan, ikimpa pole na kujitolea kulinunua shamba hilo "linalofaa kondoo tu." Canavan amemuoa dada yake Prunty. Halafu kuna watu watakwambia nchi hii haina mabwana wa ardhi tena, eti walipanda meli wakaenda zao.

Halmashauri ilikuwa imempa Majella nafasi moja ya mwisho. Alete ushahidi wa kuipinga ripoti kabla ya saa kumi jioni, Alhamisi. Leo ilikuwa Jumatatu. Baada ya hapo ombi la kibali cha kujenga lingekufa, na barua ya Canavan ingebaki juu ya meza peke yake.

Attracta hakuwa amesoma chuo. Baba yake alikuwa mchimba mitaro, naye alimfundisha udongo kwa kumtuma amletee chai mtaroni. Alitumikia polisi miaka ishirini na miwili, akaandika barua ya kuacha siku alipoambiwa apunguze maswali kuhusu machimbo ya kokoto ya mkubwa mmoja. Tangu hapo aliwauzia macho yake watu wasioweza kumudu wakili.

Alitembea shamba lote, mpaka kwa mpaka. Aliona kangaga zilizoanza kuwa za rangi ya kutu, miiba ya mibaruti iliyokauka, na vichaka vya maua ya manjano. Yote hayo ni majani yanayochukia kulowa miguu. Zile nyasi za kinamasi, nyembamba na za mviringo, ambazo kila mkulima huko anazitambua kama anavyomtambua mkwe asiyempenda, hakuziona. Katikati ya mteremko palikuwa na ukuta uliobomoka wa nyumba ya mawe.

"Nani aliishi hapo?"

"Watu wetu. Babu wa babu yangu alitolewa na wakala wa mwenye ardhi, paa likavunjwa mchana, mvua inanyesha, mke ana mimba."

"Waliishi muda gani kabla?"

"Vizazi vitatu. Watoto kumi na mmoja."

"Watu kumi na watatu ndani ya nyumba ya sakafu ya udongo, na hawakuota ukungu," Attracta akasema. Akaandika.

Kwenye kona ya geti, hata hivyo, alizikuta. Zilikuwa nyasi za kinamasi hasa, zimejazana kuzunguka birika la kunyweshea ng'ombe. Majella akaikunja ripoti kama mtu aliyekwisha kushindwa.

"Tulia," Attracta akamwambia. Alidhani amelimaliza fumbo mapema: Prunty alichimba hapa, penye bomba la birika linalovuja, akaandika kuwa ndilo shamba lote. Ujanja wa kale. Akachomeka kekee yake ndefu ya udongo, akaizungusha, akaivuta. Mizizi ilikuwa mizima, imeshikana, tabaka kwa tabaka. Akarudia mara tano kulizunguka birika. Ardhi hiyo haikuwa imeguswa na jembe wala mashine kwa miaka.

"Siyo hapa," akasema, na kwa mara ya kwanza alikunja uso. Aliifuata ramani ya ripoti hadi kwenye alama, hatua arobaini juu ya mteremko. Pale majani yalikuwa machanga zaidi, kwa umbo la mstatili, mrefu kama kitanda. Kekee ilizama kama kisu kwenye siagi, ikatoka na udongo wa kahawia uliochanganyika na changarawe. Mkavu.

"Kwa hiyo alichimba mahali sahihi," Majella akasema polepole, "akaona udongo mzuri..."

"...akaandika udongo wa mtu mwingine. Ripoti inasema nani alichimba?"

"Packie Joe Durkan. Lakini mama, Packie hatasema. Nusu ya kazi zake anapewa na Prunty."

"Hatasema akiulizwa," Attracta akajibu. "Mimi nitamsaidia kukubali."

*

Packie Joe Durkan, mwenye miaka sabini na mmoja, alikuwa amelala chini ya eskaveta yake ya manjano, miguu tu ndiyo ikionekana.

"Mungu aibariki kazi, mzee Packie."

"Akubariki na wewe, Attracta. Sijui tu kama umekuja kuibariki au kuipeleleza."

"Vyote viwili. Shimo la Kilbane ulichimba wewe?"

Miguu ikatulia. "Karatasi inasemaje?"

"Inasema wewe."

"Basi mimi."

"Tarehe ngapi?"

"Karatasi inasemaje?"

"Kumi na nane Aprili."

"Basi kumi na nane Aprili. Kwani mimi kalenda?" Akajivuta nje, uso umejaa grisi, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nataka kwa mdomo wako, mzee. Wasije wakasema nimekulisha maneno."

"Kwa mdomo wangu na meno yangu yote mawili: kumi na nane Aprili, nilichimba. Mita mbili na kitu. Sasa niache nitafute hii hosi inayovuja."

"Ulitumia mashine hii hii?"

"Kwani ninayo nyingine? Nimeificha chumbani?"

"Ukatia chuma ardhini."

"Nikatia chuma ardhini! Unataka nikuimbie?"

Attracta aliandika bila haraka. Kisha akamgeuzia daftari na kalamu. "Saini hapo tu, nikuache. Nakusomea. 'Mimi, Patrick Joseph Durkan, nilichimba ardhi kwa chuma katika shamba la Kilbane siku ya Ijumaa Kuu.'"

Kalamu ikasimama hewani.

"Siku ya nini?"

"Ijumaa Kuu. Pasaka mwaka huu ilikuwa tarehe ishirini. Toa mbili."

Packie akahesabu kwa vidole, akarudia kwa mkono mwingine, kana kwamba ule wa kwanza umemsaliti. Grisi ilibaki usoni, lakini rangi iliyokuwa chini yake iliondoka.

"Futa," akasema.

"Umesema kwa mdomo wako."

"Futa, mwanamke! Mimi sijatia chuma ardhini Ijumaa Kuu tangu nizaliwe. Ni mwiko! Baba yangu siku hiyo alikuwa hapigi hata msumari. Mwaka ule ng'ombe wa Heraty alipokufa alfajiri ya Ijumaa Kuu, tulimfunika turubai mpaka Jumamosi, parokia nzima imeshika pua, na hakuna aliyethubutu kugusa sepetu! Uliza mtu yeyote!"

"Sina haja ya kuuliza. Parokia nzima inajua. Ndiyo maana nashangaa ulivyobadilika uzeeni. Nitamwambia nani? Mkeo? Padri?"

"Mchawi wewe."

"Mzee, mmoja ni mwongo. Ni wewe au ni karatasi. Chagua kabla hosi yako haijavuja yote."

Packie akaitazama mashine yake kwa muda, kama mtu anayeomba ruhusa. "Ilikuwa Jumanne," akasema hatimaye. "Jumanne ya Wiki Takatifu, tarehe kumi na tano. Nikachimba mita mbili. Udongo wa kahawia, mzuri, halafu changarawe safi. Nilishuka humo kwa soksi, gambuti lilikuwa linanibana, nikatoka soksi kavu. Prunty akachungulia, akanuna kama mtu aliyeonja siki. Hakupiga hata picha. Akaniambia fukia. Shimo halikukaa wazi muda wa birika la chai kuchemka."

"Na sheria inataka likae saa arobaini na nane."

"Naijua sheria. Nilitaka kumpa yule binti hongera getini. Prunty akasema matokeo ni siri ya kitaalamu." Akatema mate pembeni. "Kitaalamu! Na mimi nikanyamaza. Nina goti la plastiki, Attracta, na kazi hainifuati tena."

Attracta hakumpa pole wala lawama. Alimwonyesha picha ya ukurasa wa kumi, shimo lenye kuta za kijivu na maji ya rangi ya chai ya maziwa chini yake. "Na hili?"

Packie alilitazama mara moja tu. "Si langu. Ndoo ya mashine yangu ina mdomo bapa. Angalia hizo alama ukutani, mistari minne. Hiyo ndoo ina meno manne. Hilo shimo linaweza kuwa popote, hata mwezini."

Sasa mambo yalijipanga. Prunty aliandika ripoti Agosti, kama tarehe ya juu yake ilivyoonyesha, mezani, akiwa na shimo la dakika chache lililohitaji kuonekana la siku mbili. Alihitaji tarehe. Akachukua Ijumaa moja na Jumapili yake kutoka Aprili, akajaza nafasi. Krismasi hukaa mahali pake kila mwaka kama nguzo. Pasaka hutembea. Anayeitafuta baada ya miezi minne, kwa haraka, hukuta tarehe tupu kama nyingine zote. Majella mwenyewe alikuwa ameisoma hivyo hivyo.

"Anadai alirudi tarehe ishirini kutazama maji shimoni," Attracta akasema.

Packie alikodoa macho, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Jumapili ya Pasaka? Kwenye shamba la Kilbane?" Akavuta pumzi. "Binti, wewe husali kwetu, hujui. Kanisa liko ng'ambo ya barabara. Pasaka uwanja wake hautoshi magari, kwa hiyo mama yake Majella hufungua geti la shamba. Mimi mwenyewe nilikuwa naongoza magari, nimevaa kizibao cha kung'aa. Magari sitini! Gari la padri lilikaa juu ya alama ya shimo lake!"

"Hakuna lililokwama?"

"Hata moja. Na mvua ilinyesha wiki nzima."

Attracta akafunga daftari. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu, meno yote.

"La magari usimwambie mtu. Hata mkeo."

"Hasa mke wangu," Packie akasema, akichukua kalamu.

*

Ofisa wa mazingira wa halmashauri, Ita Mulvihill, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hisabati. Jumanne asubuhi aliyasoma maelezo ya Packie mara mbili, akayaweka juu ya ripoti, akayapanga kingo zake sawasawa.

"Hii inatosha kunitia shaka," akasema. "Haitoshi kutoa kibali. Karatasi haipindui karatasi, Bi Lavin. Wanasheria watakaa hapo hadi Majella awe bibi."

"Basi tuiulize ardhi."

"Muda?"

"Shimo leo kabla ya saa saba. Tunalowesha kesho mara mbili. Tunapima Alhamisi asubuhi. Wewe mwenyewe unashika saa, mimi sigusi hata kijiti."

Ita akatazama kalenda ya ukutani. "Natakiwa kumwita Prunty ashuhudie."

"Tafadhali sana," Attracta akasema. "Mwite kwa maandishi."

Packie alichimba shimo kubwa siku hiyo hiyo, juu ya alama ya ramani ileile, kwa ndoo yake isiyo na meno. Pembeni wakachimba vishimo vitatu vya mraba kwa sepetu, na Attracta akasimamia kuta zake zikwaruzwe kwa kisu, maana sepetu husugua udongo ukang'aa kama sahani, na udongo uliosuguliwa haunywi. Jumatano Majella alimaliza kuwapeleka watoto shule, akarudi na basi lililojaa mapipa ya maji safi. Wakalowesha vishimo asubuhi, wakalowesha tena jioni, Ita akiwapo mara zote mbili, kofia ikichuruzika mvua.

*

Alhamisi saa nne asubuhi watu walikuwa wameshafika. Hakuna aliyewaita. Walikuja na chupa za chai na mikate ya nyama, wakasimama kando ya kamba ambayo Ita aliifunga, kama watu waliokuja kutazama mbio za farasi. Jambo lenyewe lilikuwa maji kuzama ardhini. Lakini waliokuwa pale walikuwa na kumbukumbu za mashamba yao wenyewe, na kumbukumbu ni kiti cha mbele.

Ita alichungulia kwanza shimo kubwa, akimulika tochi hadi chini. Saa arobaini na nane zilikuwa zinakaribia kutimia, na mvua imenyesha siku mbili.

"Kavu," akasema, akaandika.

Kisha akajaza vishimo, akachomeka kijiti chenye alama katika kila kimoja, akabonyeza saa. Maji yalitakiwa kushuka inchi nne, mara tatu, na kila mara muda ugawanywe kwa nne.

"Yanashuka?" akauliza mmoja wa ndugu wawili wa Tarmon baada ya dakika mbili.

"Wewe mzee, hata bia yako huipi dakika mbili?" nduguye akamjibu.

"Bia yangu ndiyo haipewi kabisa."

Majella hakucheka. Alisimama karibu na kamba, mikono ndani ya mikono ya koti, macho kwenye kijiti cha kwanza. Saa tano kasoro kidogo Ita akainua kidole. Inchi nne za kwanza zilikuwa zimeondoka. Akajaza tena, uso wake bila habari yoyote.

Saa sita Lorcan Prunty akafika. Alikuwa na koti jipya na viatu vya ngozi vya kahawia vilivyong'aa, viatu vya mtu ambaye hakukusudia kukaa. Nyuma yake, barabarani, gari kubwa jeusi la dalali Canavan lilisimama bila kuzima injini.

"Nimekuja kwa heshima yako tu, Ita," Prunty akasema. "Hiki ni kichekesho. Oktoba si Aprili, na udongo hubadilika kila hatua kumi."

"Ndiyo maana nimechimba juu ya alama yako," Ita akajibu bila kuinua macho.

"Sawa. Lakini kipimo changu kina tarehe na saini. Leseni yangu ina miaka kumi na tisa."

"Naomba kuuliza kuhusu hizo tarehe," Attracta akasema.

"Wewe nani hapa?"

"Mtu mwenye daftari. Shimo lilichimbwa lini?"

Prunty akamtazama Ita. Ita akamwambia, "Jibu, Lorcan. Naandika."

"Kumi na nane Aprili. Imeandikwa."

"Na nani?"

"Durkan. Imeandikwa."

Packie, juu ya tairi la trela, alikohoa. Prunty hakugeuka.

"Ukaliacha wazi?"

"Saa arobaini na nane kamili, kama sheria inavyotaka."

"Na tarehe ishirini ulikuja wewe mwenyewe kuangalia maji? Hukumtuma mtu?"

"Mimi situmi watu. Nilikuja mwenyewe."

"Saa ngapi?"

"Saa tano asubuhi."

"Unakumbuka hali ya hewa?"

"Ya kawaida. Kimya. Nilikuwa peke yangu. Nilisimama hapa hapa ninaposimama, nikaona maji nusu mita kutoka juu, nikapiga picha. Nini zaidi?"

"Peke yako," Attracta akarudia, akiandika. "Humu shambani, saa tano asubuhi, tarehe ishirini Aprili. Hukuona gari?"

"Gari? Ndani ya shamba la ng'ombe?" Prunty akacheka, akawageukia watu ili wacheke naye.

Hakuna aliyecheka. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, nyembamba, ya kushangaa kweli. "Lakini hiyo si ilikuwa Pasaka?"

Watu wakatazamana. Halafu shamba lote likalipuka.

"Nilikuwa nimeegesha hapo!"

"Mimi hapo! Gari la buluu!"

"Gari la padri lilikuwa juu ya shimo lako, Prunty! Lilikuwa linaelea?"

"Aliona maji! Yale yalikuwa maji ya baraka!"

"Bibi yangu alitembea humu na viatu vya visigino, bwana mkubwa! Visigino! Pangekuwa na maji angezama hadi kofia!"

Prunty alianza kuhesabu siku kwa vidole. Tarehe iliingia kichwani mwake mbele za watu wote, na kila mtu aliiona ikiingia.

"Nimekosea siku," akasema. "Kosa la uchapaji. Yaweza kuwa wiki iliyofuata."

"Umesema hivi sasa, mbele ya watu hawa, kuwa ulikuja mwenyewe siku hiyo," Attracta akasema. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Packie amesaini kuwa alichimba tarehe kumi na tano, akakuta changarawe kavu, ukaamuru afukie saa ileile. Picha yako ina alama za ndoo yenye meno manne. Yake haina hata moja. Shimo hili hukulisubiri saa arobaini na nane. Ulilikimbia, kwa sababu lilisema ukweli. Shimo la kwenye picha liko wapi, Lorcan?"

"Sijibu maswali ya mwanamke aliyefukuzwa polisi."

"Niliacha mwenyewe. Na swali bado liko hapo."

Prunty akageuka kumtafuta shemeji yake. Gari jeusi lilikuwa limeshaondoka. Lilikuwa linapanda kilima cha kanisa kwa mwendo ambao mazishi hayaujui, na watu wakaligeukia, wakalisindikiza kwa miluzi hadi likapotea.

"Kaa, Lorcan," Ita akasema. "Bado hatujamaliza. Wewe ni shahidi."

Na kwa hiyo alikaa. Alisimama saa nzima ndani ya viatu vyake vya kahawia akilazimika kutazama maji yakinywewa na ardhi aliyoiita kinamasi. Nataka msomaji alione hilo vizuri. Ni mara ngapi watu wa namna hii hulazimishwa kutazama?

Saa saba na dakika nne Ita alibonyeza saa kwa mara ya mwisho. Akapiga magoti juu ya gunia, akafanya hesabu zake, akazirudia kutoka chini kwenda juu. Watu wakasogea hadi kwenye kamba.

"Kishimo cha kwanza," akasoma, "inchi moja kwa dakika kumi na nne. Cha pili, kumi na tano. Cha tatu, kumi na tatu. Shimo kubwa ni kavu hadi chini, na saa zake zimetimia." Akavua miwani. "Wastani, dakika kumi na nne. Ripoti ilisema mia moja thelathini na moja. Majella Kilbane, ardhi yako inafaa nyumba. Nimewahi kupima mia tatu na zaidi, na sidhani nimeona iliyo nzuri kuliko hii."

Majella aliiruka kamba, akamkumbatia yule mwanamke mfupi hadi kofia ikaanguka, kisha akamkumbatia Packie pamoja na grisi yake, kisha akasimama mbele ya Attracta na kukosa la kufanya na mikono.

"Nikumbatie baadaye," Attracta akamwambia. "Ofisi inafungwa saa kumi. Ita anahitaji kupelekwa mjini, gari lake liko nyuma ya matrekta saba."

"Nina basi," Majella akasema, akiuchomoa ufunguo mfukoni. "Nina basi zima."

Watu walishangilia mpaka kunguru wa mnara wa kanisa wakaruka. Prunty alijaribu kupita kuelekea getini, na hakuna aliyemgusa wala kumtukana. Walimfungulia tu njia nyembamba, kila mmoja akimtazama miguuni. Ita alimwita kabla hajafika barabarani.

"Leseni yako, Lorcan. Jumatatu saa tatu, mezani kwangu, pamoja na majalada yako yote. Yote."

Ita alipoinama kukusanya vijiti vyake, kivuli kikaangukia karatasi. Alikuwa Tom Heraty, mzee mrefu, kofia mkononi, ambaye hakuwa amepiga kelele hata moja tangu asubuhi.

"Samahani, bibi," akasema. "Shamba langu la juu, lile la karibu na daraja. Lilifelishwa miaka saba iliyopita. Mwanangu akaenda Australia. Canavan alilinunua, sasa kuna nyumba mbili humo." Akaigeuza kofia mkononi. "Naweza kuuliza?"

Nyuma yake alisimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Nyuma ya mwanamke walisimama ndugu wawili wa Tarmon, wale wa bia. Nyuma yao mstari uliendelea kujipanga wenyewe kuteremka hadi getini, watu wakiwa na chupa zao za chai, bila kusukumana, kama wanavyojipanga kwenda kupokea komunyo. Attracta aliuhesabu kwa macho. Alikuwa amekuja na majina matatu ya waliofelishwa kwenye daftari lake. Aliacha kuhesabu alipofika kumi na tisa.

Majella aliwasha basi, akafungua milango yote miwili.

"Nipeni dakika tano," akaita Ita Mulvihill. Akaketi juu ya pipa tupu, akaitia karatasi ya Majella, iliyosainiwa, ndani ya koti lake upande wa moyo, akafungua ukurasa mpya.

"Mmoja mmoja," akasema. "Jina la shamba kwanza."